Siku Baba Alipoingia Kwenye Spika za Sendofu

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha, hapa mtaani Makole, Dodoma, wapo wanaoisimulia vizuri kuliko mimi: niliwahi kusababisha mchungaji akemee pepo ambaye hakuwepo, nikamliza bibi harusi siku yake, halafu nikawafanya watu wote wa sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, watoke mbio kwenda kumlilia baba yangu mzazi, ambaye alikuwa hai, ameshiba, na ana furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwake tangu mama afariki. Na yote hayo kwa ajili ya kitufe cha sauti. Kile cha kuzungusha, ndiyo. Chekeni tu, nimeshazoea.

Baba yangu, Mzee Masima, alistaafu posta. Kazi yake ilikuwa kupiga simu za maandishi, zile za ti-ti-ta, na alipostaafu mkono ukakataa kustaafu, akakata leseni ya redio ya ridhaa, yaani wale watu wanaoongea hewani na wenzao wa mbali kwa mapenzi tu, hawalipwi, hawatangazi taarifa ya habari, wanasalimiana na kuambiana leo hali ya hewa huku iko hivi na waya wangu nimeupandisha hivi (mimi nilikuwa naona ni ugonjwa, nikamwambia mama, mama akasema heri ugonjwa huo kuliko wa pombe). Rafiki yake mkubwa hewani alikuwa Mzee Lyimo wa Moshi, aliyejifunza naye kazi ujanani, na kila jioni ilikuwa lazima wasalimiane, mvua inyeshe au jua liwake, na mama alikuwa akimwita Lyimo mke mwenza.

Kisha masikio ya Baba yakaanza kufa. Likatangulia la kushoto, la kulia likafuata polepole. Mwanzoni alikuwa anamwambia Lyimo arudie, Lyimo anarudia, arudie tena, Lyimo anarudia tena bila kuchoka, mpaka siku moja jioni Baba akavua spika za masikioni, akaziweka juu ya redio, akaifunika yote na kitambaa cha mama cha kufuma. Kuanzia hapo jioni zake zikawa za kukaa barazani kuutazama ule waya wake wa redio, uliotoka kwenye mwarobaini wetu, ukapita sambamba na ua wa jirani, ukaishia paa la choo.

Na sisi nyumbani tukawa watu wa kupiga kelele. Baba chakula! Baba dawa! Baba nasema dawaaa! Mtu ukitusikia barabarani ungedhani tunagombana na mzee wetu. Yeye anatabasamu, anaitikia kwa kichwa hata kama hajasikia, na mazungumzo yanaishia hapohapo. Iliniuma sana, ila sikujua lingine la kufanya zaidi ya kuongeza sauti.

Miaka hiyo ndiyo soko limefunguliwa, kila kitu cha mtumba kinaingia, tumeanza na nguo, tukaenda kwenye friji, sasa zimefika kompyuta. Mimi ni mhazili, ofisini tulikuwa tumeanza kuzizoea, na mwenzangu mmoja aliyerudi kutoka masomoni akaniambia siku hizi hao watu wa redio wanaandikiana hewani, unachapa kwenye kompyuta, kompyuta inaimba kama nyenje, redio inaupeleka ule wimbo, na kompyuta ya upande wa pili inausikiliza na kuugeuza maandishi kwenye kioo. Nikamuuliza, "Maandishi? Ya kusoma?" Akasema, "Ya kusoma." Nikamuuliza, "Kwa hiyo mtu asiyesikia kabisa..." Akasema, "Anasoma tu, Foibe, masikio ya nini?" Nikaomba ruhusa, nikaenda chooni, nikalia mpaka nikapiga chafya.

Nikanunua kompyuta ya mtumba (nani kaniuzia na kwa kiasi gani hayawahusu). Mwenzangu akanipa programu kwenye sidii pamoja na karatasi ya maelekezo, fundi redio wa sokoni akaniungia waya wa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye redio, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika na ninachokifanya, nikamwambia wewe unga. Nikamwandikia Mzee Lyimo barua. Kumbe naye mkwe wake alikuwa ameshamwekea mtambo kama huo, akajibu kwa maandishi yaliyokuwa yanatetemeka kwamba yuko tayari hata saa hiihii, nitaje siku.

Sasa siku. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yameshuka, umeme ni wa mgao, na wiki ile upande wetu tulipangiwa Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili. Nikamtajia Lyimo Jumamosi, saa tisa. Wala sikukumbuka kwamba jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mama Neema, naye anasubiri umeme huohuo, na sendofu ya binti yake Neema imepangwa Jumamosi hiyo kuanzia saa nane. Na katibu wa kamati ya sendofu ni nani? Ni mimi.

Nikasema hapana shida, nitagawanyika. Saa nane umeme unarudi, mimi tayari nimevaa sare ya kamati, kitenge cha zambarau chenye tausi kifuani, nimesuka, nimepaka, nikamketisha Baba mbele ya kompyuta. Nilikuwa nimemfundisha wiki nzima kwa kumwandikia kwenye karatasi: hapa juu ndipo unapochapa, hapa chini ndipo zitakapotokea herufi za Lyimo, mashine itakuwa inamwita yenyewe, inaita, inanyamaza, inaita tena, ukiona herufi unabonyeza hiki, unajibu. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe la kanisani, kana kwamba Lyimo atamwona.

Kwenye yale maelekezo palikuwa na mstari unaosema sauti ya kompyuta iwe ndogo sana, ukiizidisha unaharibu. Niliusoma. Siwezi kusema sikuusoma. Ila nilifikiria Moshi ilivyo mbali, na milima, na mbuga, na Lyimo mwenyewe mzee, nikaona huyu aliyeandika hajawahi kuishi na mzee asiyesikia. Nikakizungusha kitufe mpaka mwisho. Mshale wa kipimo cha redio ukaruka ukagonga mwisho, nikasema safi, hapo atasikia tu. Nikambusu Baba kipara, nikapita mlango wa nyuma wa ua, nikaenda kwenye sendofu.

Jamani, Mama Neema alikuwa amejitahidi. Turubai, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, upande wa muoaji wametoka Singida na basi zima, wameketi mbele na shangazi yao mkuu, mama mmoja mwenye shingo ndefu anayekagua kila kitu kama mkaguzi wa nyama. Spika mbili za kukodi, na ule waya wa maikrofoni dijei ameutandaza uani kufuata ua, chini kabisa ya waya wa Baba, tayari kunasa kila kinachorushwa. Mimi wa kujua hayo nitoke wapi? MC akaniita nisome risala ya kamati.

Nikashika maikrofoni. "Ndugu wageni waalikwa..." Spika zikajibu: vrrriiiiiiiuuuuu.

Watu wakaziba masikio. Ikanyamaza. Nikacheka kidogo, nikaanza upya, "Ndugu wageni..." Vrrriiiiiiiuuuuu, ileile, ndefu vilevile. Ikanyamaza. Hapo nikautambua, maana nilikuwa nimeusikia mlio huo nilipoijaribu mashine nyumbani, ni kompyuta yangu inaita Moshi. Sasa mtu mwenye akili angesema samahani, ni mimi, angekimbia akazime, mambo yakaisha. Mimi nikasema kwenye maikrofoni, kwa sauti ya kiofisi kabisa, "Mtuwie radhi, ni hizi spika za kukodi."

Dijei akapandwa na hasira. Spika zake zimefanya sendofu Dodoma nzima, zimefanya mpaka ya mbunge, haijawahi kutokea! Akachomoa, akachomeka, akapuliza, akabadilisha maikrofoni. Vrrriiiiiiiuuuuu. Yule shangazi wa Singida akamwinamia mwenzake, akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo kwa bahati mbaya ilisikika hadi jikoni, "Hii ndoa ina neno." Bibi harusi akasikia. Nilimwona Neema anavyoinama, na kope za bandia zinavyoanza kuloa.

Mchungaji akasimama. Mzee wa watu, mpole, ila siku hiyo alipandisha mikono ya koti. Akasema kama kuna nguvu yoyote ya giza iliyotumwa kuvuruga shughuli hii, naikemea, toka! Na kwa jinsi Mungu alivyonitazama siku ile, mlio ukakatika hapohapo (ni kwa sababu mashine ilikuwa imemaliza kuita, ila nani angejua). Vigelegele! Kina mama wakasimama, ngoma ikapigwa. Mchungaji anafuta jasho, MC anasema pokeeni ushindi wenu. Nami nikapiga makofi. Ndiyo, nilipiga makofi, nikapiga na kigelegele.

Ukarudi. Ila sasa haukurudi vilevile. Mlio wa mashine kuita ulikuwa unalingana kila mara, mwanzo na mwisho. Huu ulianza, ukaendelea, ukaendelea, ukanyamaza kitambo kirefu kabisa, ukaanza tena. Mashine haifanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni mtu anayechapa kwa vidole viwili, akinyamaza anasoma, halafu anajibu. Lyimo ameitika. Baada ya miaka yote ile ya kutazama waya, baba yangu alikuwa anaongea na rafiki yake.

Nisaidieni, ningefanya nini? Nikienda kuzima namkatia Baba mazungumzo katikati, na umeme ukikatika leo haijulikani lini tena, na Lyimo naye ni mzee. Nisipozima, Neema analia, Singida wanatazamana, shangazi ameshaanza kukusanya mkoba wake. Mama Neema akanijia na jasho limechora mistari kwenye poda, akanishika mkono, akaniambia, "Foibe, we si unajua mambo ya mitambo. Nisaidie mwanangu. Wakiondoka hawa sitakuwa na uso." Mama huyu ndiye aliyemwosha mama yangu siku ya msiba. Ndiye anayempelekea Baba uji ninapokuwa kazini.

Nikashindwa kumdanganya. Nikachukua maikrofoni, nikasimama katikati ya turubai na tausi wangu kifuani, nikasema, "Jamani, si pepo. Ni baba. Ni baba yangu..." Nilitaka kuendelea, yuko nyumbani kwenye redio, hajui kama anawasumbua, ila spika zikapiga vrrriiiii zikafunika maneno yote, na mimi kwa aibu nikaangua kilio kikubwa mbele ya watu, nimeng'ang'ania maikrofoni.

Mjue kwamba mtaa mzima ulikuwa unajua Mzee Masima hali yake si nzuri. Mjue pia kwamba kwetu mtu akisimama mbele ya watu akasema ni baba, akalia, haulizwi swali la pili. Mama Neema akapiga yowe, "Mzeeee!" Kina mama wa kamati wakashika vichwa, wakaangusha mabakuli, na kabla sijafuta kamasi niliona kitenge cha zambarau kinamiminika kwenye mlango wa ua wetu, tausi kwa tausi, wakifuatiwa na mchungaji, MC, dijei na waya wake shingoni, na Singida nzima, shangazi akiwa mbele maana kwenye msiba yule mama kumbe ni mtu wa kwanza. Mimi nawakimbilia nyuma napiga kelele hajafa, hajafa, nao wanajibu pole mwanangu, pole, jikaze.

Wakaingia sebuleni wote wanaoweza kuingia. Na Baba yuko kwenye kiti chake, kaupa mlango mgongo, mabega yanacheka. Hasikii yowe, hasikii miguu, hasikii mtu analia jina lake nyuma ya kisogo chake. Anachapa. Kilio kikakatika kidogo kidogo, wa mbele wakinyamaza kwanza na wa nyuma wakiendelea kwa kuwa hawajaona. Mwisho tukaziona herufi zinatokea chini ya kioo, moja moja, kama zinafikiria kwanza kabla ya kutoka.

Mchungaji alikuwa karibu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti bila mtu kumwomba: "Masima ndugu yangu... kabla ya barua ya mwanao nilidhani umekufa... nikawa naogopa kuuliza."

Mama Neema akaketi sakafuni na gauni lake.

Baba akajibu, tukamwona anatafuta herufi: Sikufa. Nilikuwa sisikii.

Halafu zikaja za Lyimo: Herufi zako zinakuja na uchafu mwingi, unapiga kelele mno, punguza, mimi nakusikia.

Nikapenya katikati ya watu, nikakishika kile kitufe nilichokizungusha kwa mkono wangu mwenyewe, nikakirudisha mpaka karibu na mwanzo. Baba akaniona mkono, akageuka. Akawaona. Sebule imejaa watu, dirishani watu, mlangoni bibi harusi na shela lake, nyuso zote zimeloa machozi. Macho yake yakazunguka mmoja mmoja, na mimi nikasubiri aulize kuna nini, huku sijui nitaanzia wapi kumwandikia. Hakuuliza. Akasimama, akafungua mikono, akasalimu kwa Kigogo kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, "Mbukwenyi! Mbukwenyi nyote! Lyimo yupo! Lyimo yu hai!"

Alidhani wamekuja kwa ajili yake. Alidhani nimewaambia, na mtaa mzima umeacha shughuli, umevaa sare, umekuja kufurahi naye. Akaanza kuwashika mikono, machozi yanamtoka, anamwambia kila mmoja asante, asanteni sana, sikujua kama mnajua. Nikamtazama Mama Neema, na Mama Neema akanitazama, na naomba Mungu amlipe yule mama, kwa sababu alisimama, akajifuta, akamkumbatia Baba na kupiga kigelegele, na kigelegele kikapokelewa mpaka barabarani.

Baba akamwona Neema. Akamvuta mpaka kwenye kiti, akachapa: Hapa kuna bibi harusi wa jirani. Tukasubiri. Herufi zikaja, safari hii safi kabisa, hakuna hata moja yenye uchafu, mchungaji akasoma: "Mwambie binti... mume wake akiacha kusikia... asichoke kurudia... na akichoka atafute njia nyingine... mwenzangu Masima kaipata."

Yule shangazi wa Singida ndiye aliyelia kuliko wote. Akamshika Neema mkono, akamrudisha mwenyewe kwenye turubai, na njiani akawa anawaambia wenzake kwamba hajawahi kuona sendofu ambayo baraka inatumwa kutoka Moshi kwa upepo. Spika zikanyamaza kimya kuanzia hapo. Wazee wawili wakaongea mpaka Mtera walipotukatia umeme. Mimi nilirudi kumalizia risala yangu, na nilimwomba radhi dijei kwa maikrofoni yake mwenyewe, akanijibu mbele ya watu wote kwamba amenisamehe, na siku ya harusi yangu yeye ndiye atakayepiga muziki, tena bure. (Alipiga kweli, ila hicho ni kisa kingine na mume wangu hapendi nikisimulie.)

Kesho yake asubuhi niliamka na nia ya kumwambia Baba ukweli. Nikaketi kwenye kompyuta, umeme hakuna, nikachukua karatasi, nikaandika: Baba, jana wale watu. Nikasimama hapo. Akanyoosha mkono akaichukua kalamu, akaandika chini ya mstari wangu: Nimewaona. Sitawasahau. Umenifanyia jambo kubwa.

Nikaikunja ile karatasi. Sikumwambia siku hiyo, wala siku nyingine yoyote aliyoishi, na Mama Neema hakumwambia, na mtaa mzima wa Makole, wenye midomo hivyo, hakuna aliyemwambia. Kila alipopita mtu aliyekuwepo siku ile Baba alikuwa akimnyanyulia kofia. Na tangu siku hiyo sijawahi kukizungusha kitufe chochote mpaka mwisho, na baba yangu sikumpigia kelele tena hata mara moja. Nilikuwa nachukua karatasi, naketi karibu yake, namwandikia, na yeye ananijibu.